Mtaa Wanaozikana

Dalali aliyetuonyesha kiwanja chetu Kigamboni aliongea mengi siku ile. Alianza na umeme, akaja maji, akataja umbali kutoka lami, akaapa kwamba kiwanja hakina mgogoro. Alipoona mimi na mke wangu bado tunatazamana, akatoa la mwisho: "Bosi, mtaa huu wanazikana." Wiki hiyo hiyo tukalipa arubuni.

Mgeni anaweza kushangaa mtu anavyonadi kiwanja kwa habari za mazishi. Lakini aliyezaliwa huku alishaelewa. Wanazikana maana yake kuna kikundi cha kufa na kuzikana, kuna daftari na mweka hazina, kuna turubai na masufuria ya mtaa, na ukifiwa saa nane za usiku kuna mlango wa kugonga. Dalali alikuwa anatuuzia majirani, na alijua kwamba hao ndio wangetutoa pesa mfukoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima neno lake, kwa sababu kadiri Dar es Salaam inavyotambaa kwenda nje ndivyo ubishi huu unavyokua. Wapo wanaosema kinachomvuta mwenye nyumba pembezoni ni shughuli za mtaa na utamaduni wa mahali. Wapo wanaosema shughuli hizo hizo ndizo zinazowachosha watu mpaka wanapandisha ukuta na kufunga geti. Mimi niko na wa kwanza, ila hoja za wa pili ninazijua vizuri, maana nyingine zimenikuta nyumbani kwangu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Wilaya ya Kigamboni peke yake ilikuwa na 317,902, karibu mara mbili ya waliohesabiwa kwenye kata zake miaka 10 kabla. Daraja lililofunguliwa Aprili 2016 lilichangia sana. Kabla yake, mtu wa Kibada anayefanya kazi mjini aliishi kwa saa ya pantoni, na pantoni ikiharibika alibaki Magogoni akiitazama ng'ambo. Lakini mbegu ya mitaa mingi ya huku ilipandwa mapema zaidi, na mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Serikali ilipima Kibada, Gezaulole, Mwongozo, Tuangoma, na upande wa kaskazini Bunju na Mbweni, ikachonga barabara, ikauza.

Viwanja vilinunuliwa. Vingi vikakaa miaka bila tofali, wenyewe wakingoja bei ipande. Waliotangulia kujenga waliishi katikati ya vichaka: nyumba nzuri, bati jipya, na jirani wa karibu yuko mita 200. Nimezungumza na mama mmoja aliyehamia Kibada nyakati hizo. Kilichomtesa kuliko giza na nyoka, anasema, kilikuwa kukosa mtu wa kumwachia mtoto dakika kumi akimbilie dukani. Kila kitu kilichokuwa kwenye ramani alikuwa nacho, na bado hakuwa na mtaa. Ukipita leo mbele ya maghorofa ya Dege, yaliyosimama kujengwa 2016 na kubaki matupu mwaka baada ya mwaka, utaona jambo lile lile kwa ukubwa wake. Pesa inajenga nyumba nyingi sana bila kujenga mji.

Sasa huo mtaa wenye watu unafanana na nini? Mwaka juzi jirani yetu wa nyumba ya tatu alifiwa na mama yake. Taarifa ilifika alfajiri. Kabla jua halijachomoza vijana walikuwa wameshafunga turubai kwenye nguzo, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye guta, na mweka hazina amekaa kwenye meza ndogo na daftari lake la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Jina, namba ya nyumba, kiasi, saini. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa kwenye mbuzi za nazi, wengine wanachambua mchele kwenye sinia, moto wa kuni umeshashika. Akatokea mzee mmoja ambaye tangu ahamie, miaka minne, hatukuwahi kumwona nje ya geti lake isipokuwa ndani ya gari. Alikuja amebeba ndoo mbili za maji, moja kila mkono, akauliza ziwekwe wapi. Tangu siku ile tunajuana kwa majina. Watoto wake wanakuja kwetu kuangalia mpira.

Msiba ndio mlango mkuu, lakini ipo mingine mingi. Kuna mchakamchaka wa Jumamosi alfajiri, na nyimbo zinazoamsha watu kabla ya jogoo. Kuna veterani wenye vitambi wanaocheza Jumapili kisha wanakaa kwenye supu wakibishania goli la kuotea. Kuna vikoba vya akina mama na sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Wakatoliki wanasali jumuiya nyumba kwa nyumba, Waislamu wana maulidi na hitima, na sahani ya pilau haiulizi umetoka dini gani.

Mwenye nyumba ananufaika na haya kwa namna ambayo watu hawaisemi sana. Mpangaji akichoka anafunga virago. Aliyejenga ameshazika akiba ya miaka 15 kwenye msingi, hana pa kukimbilia, kwa hiyo anachohitaji ni watu wanaojua kwamba ile nyumba ni yake. Viwanja kuuzwa mara mbili ni ugonjwa wa mji huu. Anayekwenda kuchimba msingi kwenye ardhi isiyo yake huonekana kwanza na muuza genge, na muuza genge humpigia simu yule anayemfahamu. Barabara ya kwetu ikikatika masika, kifusi tunanunua kwa mchango, na mchango huo unakwenda haraka kwa sababu watu wameshazoea kuchangiana kwenye mengine. Ulinzi shirikishi nao unafanya kazi pale tu vijana wanaozunguka usiku wanapojua nani ni nani. Bila kujuana, wanaishia kuwasumbua wapita njia wasio na hatia, na hilo nimeliona pia.

Upande wa pili una hoja, na hazistahili kupuuzwa kama uchoyo wa watu wa mageti.

Ya kwanza ni mfuko. Hesabu mwezi mmoja wa kawaida: msiba, harusi, kicheni pati, ulinzi, taka, kifusi, na kadi ya mchango kutoka kwa mtu uliyesalimiana naye mara mbili. Mwalimu au askari mwenye mshahara unaojulikana hawezi kuyabeba yote, na kundi la simu linatangaza jina la kila aliyetoa na kiasi chake, hivyo asiyetoa anajulikana kwa kutokuwepo. Kisha kuna sheria ya mtaa isiyoandikwa popote: hukuzika, hutazikwa. Niliwahi kushuhudia msiba ambao watu walifika wachache kwa makusudi kwa sababu marehemu "hakuwa wa watu". Mjane alikaa kwenye mkeka akiangalia njia. Hakuna utetezi wa mila unaoweza kunifanya nilione jambo lile ni jema, na katika kikundi chetu nimepinga wazi wazi lisirudiwe.

Ya pili ni kelele. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku anahitaji kulala mchana. Mtoto wa darasa la saba anahitaji usiku wake. Kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya kukesha, kikianza saa tatu usiku na kuisha alfajiri, spika zikitazama dirisha lako, ukarimu wote unakauka. Kanuni za viwango vya kelele za 2015 zipo, lakini ni nani atakayempeleka jirani yake kwenye sheria, halafu kesho yake wakutane msibani? Watu wengi niliowauliza kwa nini wamehamia kwenye makazi yenye geti moja na walinzi wa kampuni walinijibu neno moja: usingizi. Ninawaelewa kabisa.

Tena kuna umbea, na kuna watu ambao kwa maumbile yao hukaa kimya, hao mtaa huwaita wanaringa.

Ila hoja iliyonishughulisha kuliko zote haitoki kwa watu wa mageti. Inatoka kwa wenyeji. Tunaposema utamaduni wa mahali, ni utamaduni wa nani? Ardhi hii ilikuwa ya Wazaramo kabla ya kuwa viwanja. Gezaulole, ambayo zamani ilikuwa Mbwamaji, ilipata jina lake jipya ilipokuwa kijiji cha ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jina lenyewe ni la Kizaramo: jaribu uone. Huku ndiko kwenye mdundiko, ngoma ambayo haikai mahali pamoja, inatembea barabarani na kila inapopita inabeba watu. Mwali anatolewa, ngoma inalia, mtaa mzima unajua kwamba kuna binti amevuka.

Wageni tuliojenga tuliukuta mdundiko. Nimekaa kwenye kikao ambacho wenye nyumba walitaka upigwe marufuku kwa sababu unaleta fujo na vibaka. Vibaka kweli hufuata penye msongamano. Lakini mwezi ule ule mmoja wa waliozungumza kwa ukali alifunga barabara siku mbili kwa ajili ya harusi ya bintiye, na hakuna aliyemwambia kitu. Wenyeji walikuwa wamekaa nyuma. Walituuzia mashamba ya mikorosho kwa bei ambayo leo hainunui hata kona ya kiwanja, wengi wao wamesogea ndani zaidi, na waliobaki wanaomba ruhusa ya kucheza ngoma yao mahali ilipozaliwa.

Wapangaji nao hali yao haiko mbali na hiyo. Kikundi chetu kilianza na kifungu kinachosema mwanachama ni "mwenye nyumba". Fundi cherehani aliyepanga chumba miaka saba, anayeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa, hakuwa mwanachama. Alikuwa anachanga kwenye misiba yetu bila kuandikwa.

Kwa hiyo ninapopima, mizani yangu inalala hivi. Geti linanunua usingizi, na usingizi ni kitu cha thamani. Halinunui mtu wa kukupeleka hospitali mlinzi akiwa amelala. Mtaa unaozikana unampa mwenye nyumba vitu ambavyo hakuna kampuni inayoviuza, lakini unavitoa vizuri pale tu mambo matatu yanapokuwa sawa: mchango una kiwango kidogo kinachojulikana na asiye nacho hatajwi, muziki una saa ya kuzimwa inayomhusu tajiri na maskini, na mlango uko wazi kwa mpangaji na mwenyeji. Mtaa ukiyakosa hayo, wenye nyumba wanabaki na klabu yao ya watu wenye hati. Kulazimisha kutoka juu hakusaidii sana. Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi na umeshika mizizi. Sisi, baada ya sherehe za Uhuru za Desemba 2015 kugeuzwa siku ya usafi, tulipewa Jumamosi ya namna hiyo hiyo, na mtaani kwangu watu wanaotoka na fagio wanahesabika. Wengi wetu tunatoka pale tu tunapomwona wa jirani ametoka.

Yote haya yanahitaji mahali pa kufanyikia, na hapo ndipo tunapopigwa. Michoro ya mipango miji ilitenga maeneo ya wazi, na sehemu nyingi za jiji maeneo hayo yamevamiwa. Kwetu lipo moja, ndilo wanalochezea veterani, ndilo linalofungwa turubai nyumba ya mfiwa ikiwa ndogo. Mwaka jana asubuhi moja tulikuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, zimechimbiwa, na mtu akisema ameuziwa kihalali. Kikao kikaitishwa ofisi ya serikali ya mtaa. Nilihesabu waliokuja. Wenye nyumba tulikuwa tisa. Wapangaji walijaa mpaka nje, yule fundi cherehani akiwa mlangoni na tepu yake shingoni, na watoto wamepanda ukuta kuchungulia.

Tulikuwa na nakala ya mchoro, imefifia, na mwenye bikoni naye alikuwa na karatasi yake. Aliyegeuza kikao ni mzee wa Kizaramo ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwalika kwenye chochote. Alisimama kwa mkongojo, akasema, "Wanangu, pale palikuwa na mwembe. Mdundiko ukitoka Gezaulole ulikuwa unapumzika chini yake. Baba yangu alipouza shamba alisema pale hapauzwi, na waliopima walimsikia, wakaandika." Akaonyesha kwa fimbo mahali kisiki kilipo, tukatoka sote kwenda kutazama, na kisiki kilikuwepo.

Barua imepigwa muhuri na kupelekwa kwenye ofisi husika, majibu bado. Bikoni zimeng'olewa kwa sasa. Kifungu cha "mwenye nyumba" tulikifuta kwenye kikao kilichofuata, na daftari jipya linaanza na jina la fundi cherehani kwa sababu alifika wa kwanza.