Kuku Kwenye Mkutano wa Wazazi

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti aliyorekodi jirani yangu kuhusu mimi kuonana na mwalimu nikiwa ndani ya vazi la kuku, ile anayocheka kuliko anavyoongea, naombeni nafasi na mimi. Sikutaga. Polisi hawakuitwa. Na mwalimu hakukimbia. Angekimbia ningemshukuru.

Wenye watoto wa shule ya msingi huku Marekani mnaijua ile barua ya mwezi wa kumi. Inakuja na mambo yote kwa mpigo: andikeni majina kwenye majaketi maana sanduku la vilivyopotea limefurika, saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, aliyefumba macho kwenye picha ya darasa atapigwa tena, vazi la Halloween, ile sikukuu ya watoto kujivisha mavazi ya kuigiza, lisiwe na kinyago wala panga la plastiki. Halafu chini kabisa, mahali ambapo mzazi wa kawaida ameshaacha kusoma: Ijumaa ya gwaride la mavazi watoto watatoka mapema, na baada ya hapo ni mikutano ya mzazi na mwalimu, dakika ishirini kila familia, tafadhali msichelewe.

Mimi, wallahi, nilitaka kuchangia kashata tu. Za karanga zilikataliwa sijamaliza hata kulitamka neno. Nikasema basi nilete za ufuta. Kumbe ufuta nao tangu 2023 umo kwenye orodha ya kitaifa ya vyakula tisa vikuu vya mzio, na isitoshe, shule haipokei kitu cha kupikwa nyumbani, lazima kitoke dukani na lebo yake. "Ila tunahitaji wazazi wa kusindikiza gwaride," akaniambia mama wa ofisini. "Mkivaa mavazi watoto watafurahi." Jirani, ambaye mwanawe anasoma darasa moja na binti yangu, akadakia kwamba vazi analo yeye. La kuku. Lile la kujazwa upepo.

Kwa msiolijua, ni gunia la nailoni lenye kifeni kidogo kiunoni. Kifeni kinakula betri nne, kinavuta hewa ya nje, gunia linajaa, na wewe unakuwa kuku mwenye upana wa mlango. Kifeni kikizimika, kichwa cha kuku kinakulalia usoni.

Gwaride lilienda vizuri, sina la kulisema. Shida ilianza kwenye kuvua. Jirani akaikamata zipu mgongoni kwangu, akavuta, akavuta tena kwa hasira, nikasikia kitu kimekatika. Akanionyesha kiganja. Kile kidude cha kuvutia zipu kilikuwa humo. Saa ukutani ilikuwa saa saba na dakika kumi na tisa. Nafasi yangu ilikuwa saa saba na ishirini. Mama watoto yuko kazini, na nafasi nyingine zote zimejaa. Iliyofuata yangu ilikuwa ya huyo huyo jirani. "Ingia tu, bwana," akasema. "Atakuelewa."

Nikaingia. Kiubavu, kwa sababu mbele haikuwezekana.

Sasa hapa twendeni polepole. Mwalimu alisimama, akanipa mkono, nikampa bawa, akalipokea kana kwamba mzazi aliyetangulia naye alikuwa na manyoya. Akanionyesha kiti. Kiti cha mtoto wa darasa la pili, jamani. Nilipokaa, upepo wote wa makalioni ulihamia kifuani na shingo ya kuku ikasimama wima. Kifeni kikawa kinavuma vuuuu. Mwalimu akaweka simu mezani, sauti ya nje, na kumbe kuna mkalimani. Shule za umma huku zinatakiwa kumpatia mkalimani bure mzazi asiyekielewa Kiingereza vizuri, na mama watoto alikuwa ameweka tiki kwenye kile kisanduku cha barua. Kiingereza changu cha kazini kinanitosha, lakini ungeanzaje kubishana ukiwa kuku?

"Shikamoo baba," ikasema simu. Dada mstaarabu, Kiswahili kimenyooka. "Mimi ni mkalimani wenu. Nitatafsiri kila kitakachosemwa humu, bila kupunguza wala kuongeza."

Hiyo sentensi ishikeni.

"Samahani baba, nasikia kama upepo mkali. Uko barabarani?"

Akamuuliza na mwalimu kwa Kiingereza, mwalimu akamjibu, simu ikakaa kimya kidogo. Na hawa wakalimani wa kikazi huongea kana kwamba ndio wenyewe waliosema. Kwa hiyo nikasikia, kwa sauti ya heshima kabisa: "Hapana, yuko hapa mbele yangu. Amevaa kuku."

"Najua," nikasema.

Akamtafsiria mwalimu kwamba ninajua.

Tukaanza ripoti. Kusoma, binti yuko juu kidogo ya kiwango cha darasa lake. Alhamdulillahi. Kuandika, anaendelea vizuri. Ila wakati wa somo anapenda sana kuwachekesha wenzake. "Tunajiuliza tabia hiyo ameitoa wapi," ikasema simu. Mwalimu akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha, nikamkuta jirani kwenye kioo cha mlango amejishika tumbo.

Hapo kifeni kikabadilisha sauti. Kutoka vuuu kikaja vuu, kikaja vu. Upanga wa kichwani ukalala. Bawa la kulia likashuka mezani juu ya ripoti, taratibu, mwalimu akalisogeza kwa vidole viwili bila kukatisha maneno. "Je," akauliza, na mdomo wa kuku unateremka usoni kwangu, "kuna mabadiliko yoyote nyumbani ambayo shule ingepaswa kuyajua?"

Nikajibu hakuna. Nilijibia ndani ya shingo.

Mwalimu, Mungu ambariki, akaona nakosa hewa, akafungua mtoto wa meza akatoa mkasi. Nikaelewa anataka kunipasua mgongoni. Hapo nikafanya kitu ambacho kichwani mwangu kilikuwa cha busara: nikainamia simu nikanong'ona, "Dada yangu, hili lisimfikie mwalimu, tafadhali. Ndani humu nina singlendi na boksa tu." Jirani alikuwa amenishauri nisivae nguo nyingi kwa ajili ya joto. Nilimwelewa kupita kiasi.

Bila kupunguza wala kuongeza. Nilisikia Kiingereza chote, neno kwa neno, kuanzia "dada yangu", kupitia "hili lisimfikie mwalimu", hadi boksa. Tena kwa sauti ya upole, kama anayesoma taarifa ya msiba. Mwalimu akaurudisha mkasi mezani. Simu nayo ikanyamaza, halafu ikaongeza kwa Kiswahili, na hii nadhani ilikuwa nje ya kazi yake: "Pole, baba."

Yaliyobaki ni mafupi. Mwalimu alitoka nje, jirani akaingia akanipasua kwa mkasi wa watoto, ule wenye ncha butu, huku machozi yanamtoka. Lile sanduku la vilivyopotea likatuletea majaketi mawili ya pinki, moja nikafunga mbele na moja nyuma, nikaenda hivyo hadi kwenye gari. Binti aliniuliza swali moja tu, kama mwalimu amesema ameanza kusoma vizuri. Nikamwambia ndiyo. Jirani ananidai hela ya vazi. Hapati.

Dakika ishirini ziliisha hatujafika kwenye hesabu. Tumepangiwa tena Jumatano, kwa simu, na mama watoto amesema ataongea yeye.