Ukifika Istanbul, kula wanakokula mafundi

Watu wetu wanaokwenda Istanbul kuchukua mzigo, wale wa nguo na viatu wanaofikia Laleli na Aksaray, wengi wao wanakula chipsi kuku safari nzima au wanachemsha tambi hotelini, halafu wakirudi wanasema chakula cha Uturuki hakina ladha. Mimi hapo nakataa kabisa. Chakula kipo, tena kitamu na kinashibisha, ila hakiko pale kwenye mikahawa ya watalii ya Sultanahmet ambako kijana anasimama mlangoni na menyu ya mapicha anakuvuta mkono.

Kiko kwenye esnaf lokantası. Hizi ndo sehemu wanakokula mchana wenye maduka, mafundi, madereva na makarani, kwa kifupi ni mama lishe wao. Huhitaji kujua Kituruki hata neno moja, chakula kimepangwa mbele ya macho yako kwenye masinia ya moto, biringanya zilizojazwa nyama ya kusaga, mchuzi wa nyama na viazi, wali, mboga za majani, wewe unanyoosha kidole tu unapakuliwa, na mkate unaletwa mezani haulipiwi. Anza na mercimek, supu ya adesi nyekundu, kamulia limao. Ila nenda saa sita hadi saa saba mchana maana vinavyopikwa ni vya siku hiyo na vizuri vinaisha mapema, ukifika saa kumi unakuta masufuria yanaoshwa.

Sasa chakula ninachokipenda kuliko vyote pale ni maharage. Ndio, maharage! Kuru fasulye, maharage meupe yaliyopikwa taratibu na nyanya na siagi mpaka mchuzi unakuwa mzito, unakula na wali, achari pembeni na glasi ya ayran, yale maziwa mgando yaliyochanganywa na maji na chumvi. Kutoka Laleli unapanda kilima kwa miguu mpaka msikiti wa Süleymaniye, ule aliojenga msanifu Mimar Sinan ukakamilika 1557, na ng'ambo ya barabara kuna safu ya migahawa ya maharage ndani ya majengo ya madrasa ya zamani ya msikiti huohuo. Mtu aliyekulia wali maharage kama sisi akikaa pale anajua kabisa mpishi kafanya kazi, na anapata pia kuona watu wanatoka kuswali wanakuja kula pamoja, mzee na mwanafunzi meza moja.

Najua wengine wanaogopa habari ya halali. Nguruwe kule ni nadra sana kumkuta, na lokanta hizi nyingi hata pombe haziuzi. Wengine wanasema hakuna pilipili, jamani ile pilipili nyekundu ya kusagwa, pul biber, imewekwa mezani, jimwagie unavyotaka. Kitu cha kuangalia kwa kweli ni samaki, kwenye mikahawa mingi ya samaki bei ni kwa kilo kwahiyo apimwe na utajiwe bei kabla hajaenda jikoni, na mgahawa wowote usioonyesha bei toka tu, iko mingine mingi.

Na usiku ukitoka kufunga mabegi una njaa na lokanta zimeshafungwa, tafuta duka la supu, wanaita çorbacı, mengi yako wazi mpaka usiku mwingi. Wana işkembe, supu ya utumbo, unaweka mwenyewe siki na kitunguu saumu kilichosagwa. Kwa mtu wa Dar au Mombasa aliyezoea supu ya utumbo asubuhi sioni sababu hata moja ya kuipita hiyo ukaenda kupanga foleni ya baga.