Pweza si mgeni, ni ndugu wa konokono

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp: "Wanasayansi wathibitisha pweza si kiumbe wa dunia hii, mayai yake yalikuja na vimondo." Safari hii umeletwa na watu ninaowaheshimu, mmoja wao mwalimu mwenzangu wa baiolojia. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 2018 waandishi 33 walichapisha makala katika jarida la Progress in Biophysics and Molecular Biology, wakasema huenda mayai ya pweza yaliyogandishwa yaliangukia duniani mamilioni ya miaka iliyopita, ndani ya mabonge ya barafu kutoka angani. Hawakuthibitisha chochote. Walikisia tu. Lakini kichwa cha habari kikaenda mbali kuliko makala yenyewe, na sasa wanafunzi wa kidato cha nne wanakuja nacho darasani kama jibu.

Hoja yenyewe ni kwamba pweza amezidi kuwa tofauti. Ana ubongo mkubwa, macho yanayofanana na yetu, mikono minane, na gamba hana. Basi, wanasema, lazima jeni zake zimetoka kwingine. Yaani mwili mpya hauwezi kupatikana bila jeni mpya. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu jeni za zamani zikipewa kazi mpya zinatosha, na kosa hilo limejulikana kwa muda mrefu.

Jeni za Hox ndizo zinazokielekeza kiinitete, yaani mnyama anayeanza kuumbika, kingali kidogo kama chembe ya mchanga, sehemu ipi ya mwili iwe nini, kuanzia kichwani hadi nyuma. Nzi wa matunda ambaye jeni yake moja ya Hox, iitwayo Antennapedia, imewaka (imeanza kazi) mahali pasipo pake huota miguu kichwani palipotakiwa kuwa na papasi (antena). Edward Lewis alipewa Nobel mwaka 1995, pamoja na wenzake wawili, kwa utafiti wa jeni zinazoongoza ukuaji wa nzi huyo. Sisi binadamu tunazo 39. Na moluska, kundi la wanyama wa mwili laini kama konokono, chaza, ngisi na pweza? Lottia gigantea, konokono wa miamba ya pwani ya magharibi ya Marekani mwenye gamba kama kofia, alisomwa DNA yake yote mwaka 2013. Ana jeni 11 za Hox, zimejipanga mstari mmoja. Kombe wa Japani aliyesomwa mwaka 2017 naye ana zilezile 11, kwa mpangilio uleule. Huo ndio urithi wa ukoo mzima wa moluska.

Pweza wa California alisomwa mwaka 2015. Jeni zake za Hox ni hizohizo, ila zimetawanyika na baadhi hazikuonekana kabisa. Haya, kwa shingo upande nakubali: kwa mnyama hilo si jambo la kawaida. Lakini chaza wa Pasifiki, ambaye DNA yake ilichapishwa mwaka 2012, naye mstari wake umekatika na jeni moja imepotea. Mbona chaza hajaambiwa katoka angani? Kwa sababu chaza hana macho ya kututazama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo natamani kila anayesambaza ujumbe ule angelijua. Mwaka 2003 watafiti walichunguza viinitete vya ngisi mdogo wa Hawaii, Euprymna scolopes, wakaangalia jeni za Hox zinafanya kazi wapi. Katika mfumo wa neva walizikuta kwenye zamu zao za kale, za mbele mbele, za nyuma nyuma. Lakini pia walizikuta mahali ambapo konokono hana: kwenye mikono, kwenye mrija ambao ngisi hurushia maji akikimbia, na kwenye kiungo kinachotoa mwanga. Huko hazikufuata mpangilio wa zamani. Jeni ya Hox ni kama nyapara kwenye ujenzi, hachanganyi zege wala habebi tofali, anaelekeza tu nani afanye nini na wapi. Ukimhamishia kiwanja kingine hahitaji kuzaliwa upya. Mguu ambao konokono anautambalia, kwa ngisi na pweza umekuwa mikono na mrija, chini ya wasimamizi walewale. Hata konokono wenyewe wamezipa kazi ya ziada: baadhi ya jeni hizi huwaka kwenye ngozi inayotengeneza gamba. Mimi nikisoma hayo moyo unanidunda. Zaidi ya miaka milioni 500, na seti ileile ya jeni imetoa chaza asiyebanduka mwambani na pweza anayebadili rangi kufumba na kufumbua!

 

Wala huhitaji maabara kuuona undugu huu. Nunua ngisi pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, shika kichwa, vuta. Ndani ya mgongo utakuta kitu kirefu, chembamba, kinachoangaza kama plastiki. Jikoni tunakitupa. Hilo ni gamba, limepungua na kuingia ndani. Dome analo jeupe, nene, jepesi, ambalo mawimbi huliacha ufukweni. Na pweza, nyuma ya ule mdomo mgumu kama wa kasuku, ana ulimi wenye safu za meno madogo, chombo kilekile ambacho konokono anakwangulia mwani.

Sehemu ya lawama ni yetu walimu. Tunafundisha moluska kwa kukaririsha: mwili laini, mguu, gamba. Kisha tunafika kwa pweza, tunasema "huyu hana gamba," tunageuza ukurasa. Mtoto anabaki na swali kubwa mkononi, na wa kwanza kumjibu ni WhatsApp. Mwalimu mwenzangu, kabla hujatuma tena ujumbe ule, nunua ngisi mmoja na konokono wawili watatu wa pwani, wapasulie wanafunzi mezani, uwaachie nafasi wakuulize gamba limekwenda wapi.