Msichana wa Kigiriki na kalimati zangu

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye tamasha la Wagiriki hapa Houston, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Mnalijua tamasha lenyewe, lile la Oktoba, joto likianza kupungua, kwenye viwanja vya kanisa la Kiorthodoksi. Nilifuata chakula. Sikwenda kutafuta fundisho lolote.

Tulijipanga kwenye foleni iliyokuwa na harufu nzuri kuliko zote. Chini ya hema alisimama bibi mmoja, kitambaa kichwani, karai kubwa la mafuta mbele yake. Mkono wa kushoto anauzamisha kwenye beseni la unga ulioumuka, anakunja ngumi, anaminya, kidonge kinachomoza kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mkono wa kulia ana kijiko alichokichovya kwenye mafuta. Anakikata kile kidonge na kukidondosha karaini. Kinazama, kinaibuka, kinajigeuza chenyewe. Kabla hakijageuka cha kwanza, cha tatu kishaingia.

Nilibaki nimeduwaa. Ndivyo alivyokuwa akipika marehemu mama yangu, uani kwetu Tanga, mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, sisi watoto tumemzunguka tukimeza mate. Ngumi ile ile, na kijiko kile kile. Mama alimalizia kwa shira ya sukari na iliki. Huyu bibi alimwagia asali na kunyunyiza mdalasini. Zilikuwa kalimati, ndugu zangu! Wao wanaziita loukoumades, jina lililowafikia kwa Waturuki kutoka neno la Kiarabu luqma, yaani tonge. Walioishi Muscat au Dubai wanazijua kwa jina la luqaimat. Tonge moja limezunguka bahari zote hizo, nami nimekuja kulikuta Texas, kwenye uwanja wa kanisa.

Aliyekuwa akihudumia wateja ni msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Binti yangu, ana tisa, akamwambia anataka donati. Yule msichana hakumcheka. Akamjibu kwa upole kabisa: "Hizi si donati. Zinaitwa loukoumades. Anayezipika ni yiayia wangu," akamwonyesha bibi yake. Kisha akamuuliza: "Kwenu mnazo?"

Binti yangu akanitazama. Hakuwa na jibu. Mtoto huyu anakula kalimati tangu ana meno mawili, kila Ramadhani nampikia, na hajui kama zina jina. Atalijuaje? Mimi mama yake ndiye niliyekuwa nikimwita mezani nikimwambia "njoo ule donati", ili anielewe upesi, nisijisumbue kueleza. Nilimnyima neno ambalo mama yangu alinipa bure.

Usiku ule nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp, la Watanzania wa hapa, yale niliyoyaona. Jibu la kwanza kabisa: "Dada, wale Wagiriki wana pesa." Likapata vidole gumba vingi. Jamani, hapana. Wagiriki hawakushuka melini na pesa. Walioingia nchi hii zaidi ya miaka mia iliyopita walipiga watu viatu rangi, waliosha vyombo, walitandika reli na kuchimba migodi. Februari 1909, kule South Omaha, Mgiriki mmoja alimuua polisi, na kundi la watu likawageukia Wagiriki wote: makazi na maduka yao yakachomwa, wakakimbia mji. Mwaka 1922, lile kundi la Wazungu wabaguzi, Ku Klux Klan, likiwa na nguvu, wenzao walikutana Atlanta wakaunda chama chao cha AHEPA ili wapate pa kusimamia. Watu waliopitia hayo ndio waliowarithisha wajukuu ile ngumi ya kuminya unga. Tusijifiche nyuma ya pesa.

Mimi nilichokiona ni watoto wenye kazi. Zungukeni lile tamasha muone. Kijana wa miaka kama kumi na mitano, amevaa ile sketi nyeupe ya marinda mengi ya wanaume wa Kigiriki, anabeba sinia la vyombo vichafu na hakuna aliyemwona wa ajabu. (Husemwa marinda yake yafike mia nne, moja kwa kila mwaka waliotawaliwa na Waturuki. Nilimuuliza kama ni kweli, akanijibu kwamba hivyo ndivyo babu yake anavyosema, akaenda zake na sinia.) Ngoma ilipoanza, walishikana mikono kwenye mstari, kiongozi mbele anapunga leso, na mkiani kabisa kuna katoto ka miaka minne hivi kanatazama miguu ya aliye mbele yake, kakikosea kanaanza upya. Hakuna aliyekatoa kwenye mstari.

Sasa tazameni sherehe zetu. Ukumbi umekodiwa, tiketi ni ghali, muziki unaanza saa nne usiku, pilau imepikwa na mtu wa kulipwa. Watoto wetu wako wapi? Koridoni. Wamekaa chini wamegombania soketi moja ya kuchajia simu. Tumewaambia wenyewe: "Nendeni mkacheze huko." Halafu tukirudi nyumbani tunalalamika kwamba watoto hawataki Kiswahili. Nauliza kwa uchungu: wakitake wakifanyie nini? Hatujawapa hata sinia la kubeba kwa Kiswahili. Wanakisikia wanapogombezwa tu, na sisi wenyewe tunapotaka wasielewe tunachosengenya tunakiongeza kasi. Mtoto anayeminya unga na bibi yake ataambiwa "punguza moto", "usijiunguze", "lete chujio", na maneno hayo hayatamtoka, kwa sababu yameingia pamoja na harufu ya mafuta. Hivyo ndivyo sisi tulivyojifunza! Hakuna aliyetufundisha kwa kitabu.

Nikubali moja, ingawa silipendi. Padri wao aliniambia kwamba wengi wa wale vijana hawazungumzi Kigiriki cha kutosha, na sehemu ya ibada yao siku hizi ni ya Kiingereza. Sawa. Lakini wana majina ya vitu, wana nyimbo, wana miguu inayojua pa kukanyaga. Ni zaidi ya tulichowapa wetu.

Wapo wanaosema Wagiriki wana kanisa moja linalowakusanya, sisi tuna msikiti na makanisa kumi. Kweli, na Kiswahili hakijawahi kumuuliza mtu dini yake. Wapo pia waliokerwa na pombe kuuzwa kanisani. Hilo walimalize Wagiriki wenyewe.

Huyo padri nilimkuta ndani, chini ya kuba lenye picha ya Kristo, akiwaeleza wageni habari za mishumaa na picha takatifu. Aliponiuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, uso ukamng'aa. Akaniambia kwamba Waorthodoksi wa kwetu wako chini ya Patriaki wa Aleksandria, yaani mkuu wa kanisa lao, mwenye cheo cha Afrika yote, na kwamba Askofu Mkuu Makarios wa Kupro alikwenda Kenya mwaka 1971, akabatiza maelfu ya watu na kuweka jiwe la msingi la seminari ya Riruta, Nairobi. Kisha akatamka polepole: "Bwana hurumia." Alijua kwamba wenzake wa Kenya wanaiimba liturujia kwa Kiswahili. Mimi ni Mwislamu, lakini machozi yalinilenga. Mzee wa Kigiriki, Texas, ametunza maneno mawili ya lugha yangu. Nami nikampa la kwetu: habari ya ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, uliojengwa kwa fedha za Mgiriki Arnautoglu, jina ambalo Dar es Salaam imelizungusha mdomoni mpaka likawa lake. Hakuwa analijua. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi.

Jana jioni nilimsimamisha binti yangu juu ya kigoda. Unga, hamira, tui la nazi. Ya kwanza ilitoka na mkia kama kiluwiluwi, ya pili akaiangusha sakafuni, ya sita ikawa duara. Alikuwa akizihesabu kwa sauti: kalimati moja, kalimati mbili.

Sherehe ya Uhuru ni Desemba 9. Sitanunua tiketi ya meza. Nitakuja na karai, jiko la gesi na kilo tano za unga, na nitakaa nje mlangoni ambako majirani wanapita. Nahitaji watoto sita, kuanzia miaka minane. Aproni ninazo. Mwenye mtoto aniandikie kabla ya mwisho wa mwezi, wapate Jumamosi mbili tatu za kujifunza kuminya.