Fujo za The Birthday Party zilishikwa na besi

Kila ikitajwa bendi hii, hadithi ni ileile. Mwimbaji Nick Cave anagaragara jukwaani, anarukia watu, anapiga na kupigwa, bendi nzima imelewa au imekula heroini, na shoo inaishia popote inapoishia. The Birthday Party walikuwa vijana kutoka Melbourne waliohamia London mwaka 1980, na ndani ya muda mfupi walipata jina Uingereza kama bendi ya shari kuliko zote zilizopanda jukwaani wakati ule. Sikatai hata kidogo. Ushahidi upo, hata kwenye video. Ninachokataa ni mazoea ya kuishia hapo, kana kwamba watu watano walioshindwa kujizuia ndio waliotengeneza muziki ule kwa bahati tu.

Tazama video waliyorekodiwa kwenye klabu ya Haçienda, Manchester. Macho ya kila mtu yanamfuata Cave, na ni haki, kwa sababu hatulii. Lakini jaribu kumwacha dakika mbili umtazame mpiga besi, Tracy Pew. Kavaa kofia ya kichunga ng'ombe, besi ameining'iniza chini, kiuno kinakwenda mbele na nyuma polepole bila haya. Cave akianguka, Pew haachi. Cave akipiga ukelele mahali ambapo hapakutarajiwa, Pew yuko palepale, mzunguko uleule wa noti chache, mzito, wenye uchafu mtamu. Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi hili halihitaji maelezo marefu: besi ikikaa, wengine wote wana ruhusa ya kutembea.

Kando yake yupo Rowland S. Howard, mwembamba, sigara mdomoni, na gitaa jeupe aina ya Fender Jaguar. Wengi husema gitaa lake lilikuwa kelele. Mimi nalisikia kama mtu anayejua hasa ni wapi pa kukata. Anaacha nafasi tupu, halafu anaingiza mlio mkali unaolia kwenye amplifaya na kuuachia uoze wenyewe. Mpiga gitaa wa kubahatisha hujaza kila pengo. Howard hakuwa hivyo.

Na hapa ndipo bluzi, ule muziki wa zamani wa Wamarekani weusi, inapoingia. Hutaikuta ile bluzi ya mzunguko wa vipimo kumi na viwili vya mapigo na gitaa linalojisifu. Walichochukua ni mwendo: kurudiarudia jambo moja mpaka litishe, sauti ya mhubiri aliyekosana na Mungu wake, hadithi za dhambi na mauaji zinazosimuliwa bila haraka. Mwaka 1982 walihamia Berlin Magharibi, mpiga ngoma Phill Calvert akaachwa, na Mick Harvey, ambaye tayari alikuwa akipiga gitaa na vingine, akakaa yeye kwenye ngoma. Naona huo ndio uamuzi bora waliowahi kufanya. Upigaji wa Harvey hauna mapambo. Sikiliza “Deep in the Woods” kwenye santuri fupi ya The Bad Seed ya 1983. Wimbo unatambaa, kila pigo linachelewa kidogo kuliko unavyotaka, na Cave hahitaji kupiga kelele ili uogope. Bendi inayodaiwa haikujimudu haiwezi kupiga polepole namna ile. Kwenda mbio ukiwa umelewa ni rahisi, kwenda polepole bila kuporomoka ni kazi.

Kuhusu kuitwa bendi ya gothiki, yaani muziki wa giza na mavazi meusi, wimbo wa “Release the Bats” wa 1981 ndio uliowabandika lebo hiyo. Ulikuwa na popo, ulikuwa na utani ndani yake, na vijana wenye nguo nyeusi wakauchukua kama ulivyo. Wenyewe hawakuipenda lebo ile. Giza lao halikuwa la mavazi.

Lakini sifa ya jukwaani ina njaa, na iliwala. Ukishajulikana kwa ugomvi, watu wanakata tiketi waone ugomvi. Wanafika wamejiandaa, wanamchokoza mwimbaji, na mwimbaji naye anatakiwa awe hatari Jumanne na tena Alhamisi. Hapo fujo inakuwa ajira. Sishangai kwamba kufikia 1983 walikuwa wamekwisha. Ziara ya mwisho ya Australia Harvey hakwenda kabisa, na Juni mwaka huo ikawa basi.

Ndiyo maana ninachukia namna heroini na pombe zinavyosimuliwa kama kiungo cha mapishi. Pew alifungwa jela Australia mwaka 1982, ikiwamo kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na bendi ikalazimika kuazima wapiga besi, akiwemo Barry Adamson. Mwaka 1986 alifariki baada ya kushikwa na kifafa. Alikuwa na miaka 28. Anayeniambia ulevi ndio uliompa Pew ile besi anamnyang'anya marehemu kitu alichokifanyia kazi. Howard naye aliondoka Desemba 2009, saratani ya ini, ana miaka 50, na sehemu kubwa ya maisha yake alizungumziwa kama mtu aliyekuwa kwenye bendi ya Cave.

Hata umoja wa baadaye wa Cave na Harvey katika The Bad Seeds, bendi ya Cave iliyofuata, uliodumu miongo, ni ushahidi wa ninachosema. Harvey, aliyeweza kupanga muziki wa bendi hiyo kwa miaka yote hiyo, hakujifunza kupanga siku moja baada ya The Birthday Party kuvunjika. Alikuwa akipanga tangu mwanzo, nyuma ya vumbi.

Kwa anayeanza, acha kwanza picha. Tafuta Live 81-82, albamu ya shoo zao iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya 4AD mwaka 1999, kisha albamu ya Junkyard ya 1982. Na tafadhali usisikilize kwa spika ya simu, maana utasikia makelele ya Cave peke yake na Pew atapotea kabisa.