Miaka 51 ndani ya Seneti: tumsifu kwa lipi?

Mbunge mkongwe akifariki, hotuba za mazishi huanza na hesabu: mihula mingapi, amefanya kazi na marais wangapi, miswada mingapi imepita mikononi mwake. Ni hesabu isiyo na ugomvi, ndiyo maana wasemaji huikimbilia. Lakini miaka si utumishi, miaka ni nafasi tu. Ukiuliza nafasi hiyo ilitumikaje, waombolezaji huanza kuangalia chini.

Mfano ninaourudia kila mara ni Robert Byrd wa West Virginia, Marekani. Aliingia Seneti, baraza la juu la bunge la Marekani, Januari 1959 na kufia humo Juni 2010, akiwa na miaka 92. Hakuna seneta aliyewahi kukaa muda mrefu kama huo.

Wanaomsifu wana pa kushika. Alilelewa katika nyumba ya mchimba makaa ya mawe, akafanya kazi ya bucha, akachomelea vyuma. Shahada ya sheria aliipata mwaka 1963, baada ya miaka kumi ya kusoma jioni huku akiwa tayari mtunga sheria. Kijitabu cha Katiba hakikumtoka mfukoni mwa koti, na kanuni za Seneti alizijua mpaka vichochoroni. Oktoba 2002, uchaguzi ukiwa mlangoni, Seneti iliidhinisha vita vya Iraki kwa kura 77 dhidi ya 23. Byrd alikuwa miongoni mwa wale 23. Mtu mwenye muhula mmoja, anayeuhofia uchaguzi ujao, si rahisi asimame hivyo. Hapo ukongwe ulikuwa na faida.

Sasa geuza ukurasa. Kwa desturi ya Seneti, uenyekiti wa kamati huenda kwa aliyekaa muda mrefu zaidi katika chama chenye wingi wa viti. Byrd alipoishika kamati inayogawa fedha za serikali kuu, fedha hizo zilimiminika jimboni kwake, na barabara, madaraja na majengo yakaandikwa jina lake angali hai. Wapiga kura wake waliuita huo utumishi. Mlipa kodi wa jimbo jingine alikuwa na neno lake. Halafu kuna jambo ambalo hotuba za rambirambi hulikwepa: mpiga kura anayemwangusha mkongwe wa namna hiyo anajikata mgao mwenyewe, kwa sababu mrithi ataanzia mkiani mwa foleni. Byrd alichaguliwa kuwa seneta mara tisa. Nakubali alipendwa, ila sikubali kwamba ushindi wote tisa ulitokana na mapenzi matupu.

Na kuna zito kuliko fedha. Miaka ya 1940 Byrd alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowatisha na kuwaua watu weusi, tena mwenye kuandikisha wengine. Mwaka 1964 alisimama akazungumza saa 14 na dakika 13 ili kuizuia Sheria ya Haki za Kiraia, ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, isifike kwenye kura. Baadaye alitubu hadharani, si mara moja, na alipofariki NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilitoa tamko la kumheshimu. Wapo wanaoona kulitaja hilo mbele ya jeneza ni kukosa adabu. Naona kinyume. Ukiifuta Klan kwenye wasifu wake, umefuta na toba, na toba ndiyo sehemu ya maisha yake iliyomgharimu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini mpeni yote.

John Dingell wa Michigan hakuwa na doa la aina hiyo. Alikaa Baraza la Wawakilishi, lile baraza jingine la bunge, miaka 59, tangu 1955 hadi 2015, na kila bunge jipya lilipoanza aliwasilisha upya mswada wa bima ya afya kwa wote alioachiwa na baba yake. Uvumilivu huo ni wa kusifiwa bila kusita. Ila baba huyo ndiye aliyekuwa mbunge kabla yake tangu 1933, na aliyemfuata ni mkewe. Kila mmoja alipigiwa kura, kweli. Hata hivyo jina moja likikaa kwenye karatasi ya kura kwa miaka 80 na zaidi, mpinzani huwa ameanza mbio akiwa nyuma.

Dawa inayotajwa sana ni ukomo wa mihula. Siiamini sana. Wabunge wote wakiwa wageni, wanaobaki na kumbukumbu ni makarani na washawishi wa makampuni, na hao hawapigiwi kura na mtu.

Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 2009, Seneti ilipopigia kura mswada wa kupanua bima ya afya, Byrd aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Jina lake liliposomwa, alisema kura hiyo ni kwa ajili ya rafiki yake seneta Ted Kennedy, aliyekuwa amefariki miezi minne kabla, kisha akasema ndiyo. Ningekuwa mwandishi wa hotuba ya mazishi yake, ningeanza na zile saa 14 za mwaka 1964, nikaishia na hiyo ndiyo.