Ziba jina kwa kidole, kisha soma dira

Kila masika ni yale yale. Maji yanaingia sebuleni kwa watu, video zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na matusi yote anatwishwa Waziri wa Ujenzi. Waziri wa watu hana hata mita moja kwenye barabara ya kwenye video hizo. Ni ya mtaa, ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Wananchi siwalaumu. Nenda ofisi yoyote ya umma utafute karatasi itakayokwambia kitu gani ni cha nani. Utakuta fremu ya kioo: Dira, Dhamira, na maadili ya msingi matano au saba, uadilifu ukiongoza msafara. Sasa ziba jina la taasisi kwa kidole gumba usome kilichobaki. Kuwa taasisi bora, yenye weledi, inayotoa huduma endelevu kwa ustawi wa Watanzania. Haya, niambie: hao wanasajili ndoa, wanachimba visima au wanaendesha vivuko?

Dhamira isiyotaja mpaka haina kazi. Pale ukutani palitakiwa mambo mawili tu: kazi yetu inaishia wapi, na ikivuka hapo uende kwa nani.

Tuchukue kalavati moja. Barabara ya vumbi inashuka kutoka mtaani hadi inapokutana na barabara kuu ya lami. Mtaro wa pembeni mwa ile ya vumbi ni wa TARURA. Kalavati linalopita chini ya lami ni la TANROADS, wakala ulio chini ya Ujenzi, maana barabara kuu na za mikoa ziko mikononi mwao tangu mwaka 2000, na Sheria ya Barabara ya 2007 imezitenga na barabara za wilaya. Chupa na pampasi zilizoziba mdomo ni za halmashauri, watu wa usafi na taka. Bomba lililopitishwa katikati ya tundu, ambalo ndilo linalonasa hizo pampasi, ni la mamlaka ya maji. Nguzo iliyosimikwa mtaroni ni ya TANESCO, kwa hiyo Wizara ya Nishati. Mto unaopokea maji yote hayo unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde. Aliyejenga ukuta ndani ya mita 60 za kingo za mto ni kesi ya NEMC, baraza la mazingira, na NEMC iko Ofisi ya Makamu wa Rais. Yote haya ni mwendo wa dakika mbili kwa miguu, na umeshapita wizara na ofisi tano.

Kwa nini linaziba kila mwaka? Greda la barabara ya vumbi likipita linachonga na kusukuma udongo pembeni. Kama hakuna kibarua anayepita nyuma yake kuzoa mtaroni, mvua ya kwanza kubwa inaushusha udongo wote hadi kwenye kalavati. Tundu likiwa la sentimita 60, mtu haingii. Ni kuchokoa na mti kutoka nje, na katikati panabaki pamejaa. La sentimita 90 angalau mtu anainama na koleo. TANROADS wanazibua upande wao, wanapiga picha, wanaondoka. Wiki ya pili mchanga umerudi, kwa sababu unakotoka ni juu kule, kwa taasisi nyingine yenye fungu jingine, mkandarasi mwingine na ratiba nyingine.

Na hapo hakuna aliyekosea! Kila mmoja ametekeleza majukumu yake kwa weledi. Sebule ya mtu tu ndiyo haikupangiwa taasisi.

Mpaka wenyewe umeandikwa, ila si ukutani. Rais akiunda au kubadili wizara hutoa Hati Idhini, nayo inachapishwa kama Tangazo la Serikali. Ile ya tarehe 22 Aprili 2016, kwa mfano, ni Tangazo Na. 144. Mle mna orodha kavu kabisa, wizara kwa wizara: sera gani, masuala gani, idara, mashirika na wakala zipi ziko chini yake. Haina hata neno moja la ustawi, na ndiyo maana inasomeka. Ukitaka kujua taasisi fulani ni ya wizara gani leo, tafuta hati ya mwisho kutolewa, kwa sababu wizara zetu zinaungana na kutengana kama abiria kituoni. Ujenzi na Uchukuzi zilikuwa nyumba moja hadi 2023. Afya ilikaa na Maendeleo ya Jamii hadi mwanzoni mwa 2022. Kila mara vibao vinapakwa upya, mihuri inachongwa upya, dira inaandikwa upya, na mtaro unabaki ule ule.

Kipimo cha pili, ambacho mimi nakiamini zaidi, ni fungu, yaani namba ya wizara kwenye bajeti ya Serikali. Dhamira mtu anaweza kuandika anavyotaka, fedha haziendi hivyo. TAMISEMI ni Fungu 56, Ujenzi ni 98, Maji 49, Elimu 46, Afya 52. Kwenye vitabu vya bajeti, cha pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, cha tatu ni mikoa na halmashauri, cha nne ni miradi ya maendeleo. Ukishindwa na vitabu, soma hotuba ya bajeti ya waziri husika, halafu usiishie kwenye shukrani kwa Spika. Nenda nyuma kwenye viambatisho. Ya Ujenzi hutaja barabara kwa majina, mkoa kwa mkoa. Ukiikuta yako mle, umempata mwenyewe. Usipoikuta, anza na TARURA wilayani.

Nikubali kitu kimoja, shingo upande: kutenga wakala kulisaidia. Kabla ya 2017 barabara za wilaya zilikuwa chini ya halmashauri moja moja, mhandisi akimsikiliza mkurugenzi huku pesa za mafuta ya greda zikigombewa na shughuli nyingine. Maji vijijini vivyo hivyo hadi wakala wake, RUWASA, ulipoanzishwa kwa sheria ya 2019. Mhandisi sasa ana bosi mmoja wa taaluma yake. Sawa. Lakini TARURA ilipokabidhiwa sehemu kubwa kuliko zote ya mtandao wa barabara, mgawo wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwake, hadi mwaka 2021 ilipoongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili yake. Dhamira ilianza kazi miaka minne kabla ya hela yake.

Halafu kuna jina lenyewe. Watu hudhani wakala, mamlaka na bodi ni mapambo tu ya kibao. Taasisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali, Sura 245, inashitakiwa kwa jina lake kwenye masuala ya mkataba tu. Gari lako limetumbukia kwenye shimo na ekseli imekatika? Hapo huna mkataba na mtu, unaishitaki Serikali, na kabla ya kufungua kesi unatoa notisi ya siku 90 yenye nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Kesi ngapi zinafia mlangoni kwa kukosa notisi hiyo! Hili ndilo la kuwekwa kwenye fremu.

Mengine kwa kupita tu. Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu, mtihani ni wa Baraza la Mitihani, NECTA, darasa lenye ufa ni la halmashauri. Waziri wa Elimu akiulizwa kuhusu ufa atajibu kwa upole tu. Zahanati ni ya TAMISEMI, hospitali ya rufaa ya mkoa ni ya Wizara ya Afya, dawa zinatoka Bohari ya Dawa, MSD. Chakula kiliondoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019 kikaenda TBS, shirika la viwango, na waliobaki wakawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lakini bado kuna watu wanapeleka malalamiko ya unga kwa watu wa dawa. Na mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam: njia imejengwa na TANROADS, wakala wake ni DART chini ya TAMISEMI, nauli inapangwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Ukisubiri basi saa nzima, chagua mwenyewe wa kumkasirikia.

Kwa hiyo, kalavati lenu likiziba, andikeni barua. Simu haiingii masijala. Iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Diwani na Mtendaji wa Kata. Kwenye YAH: taja barabara na mahali penyewe, siyo "kero ya mafuriko". Ndani andika vitu vinavyoonekana: tundu ni la sentimita ngapi, limejaa mchanga kiasi gani, bomba au nguzo iko wapi, maji yanapita upande gani. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Kisha uliza Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ruka kurasa za dira, tafuta jedwali la siku. Hilo nalikubali, ni ukurasa wa maana. Hesabu kuanzia tarehe ya muhuri.

Jibu likija kwamba suala hilo si la ofisi hiyo, usiichane barua. Hapo wamekuandikia mpaka wao kwa maneno ya kueleweka, wameweka sahihi na kugonga muhuri, jambo ambalo fremu yao haijawahi kulifanya. Itoe nakala, uiambatishe kwenye barua ya pili.